Heshima ya Jivu

Katika lugha yetu jivu halina heshima. Mtu hodari akizaa mtoto mzembe, wazee husema kuwa moto huzaa jivu, wala hakuna anayeuliza maana yake. Mali ya mtu ikiteketea, husemwa kuwa imekuwa jivu. Hata nyumbani, ambako jivu lina kazi nyingi, kazi zake ni za nyuma ya nyumba: kusugulia masufuria, kumwagwa chooni ili kuua harufu, kunyunyizwa juu ya sukumawiki ili wadudu wasiiguse, na kuchanganywa na maharagwe ya mbegu yasije yakatobolewa. Asubuhi huzolewa upesi kabla mgeni hajapiga hodi. Mimi nataka kuandika juu ya jivu la namna nyingine, ambalo mahali pake si nyuma ya nyumba bali ndani ya nyumba yenyewe, katika sakafu na nguzo zake. Na juu ya ubishi mrefu ulioingia baina yangu na mwashi mmoja wa Kangemi kwa ajili ya jivu hilo.

Sisi tunaokaa upande wa magharibi wa Nairobi twaishi juu ya zege na chini ya zege. Mtu akitoka Kangemi asubuhi kwenda mjini kwa Barabara ya Waiyaki, akikaribia Westlands huona barabara ya pili imesimama juu ya ile anayoipita, imebebwa na nguzo nene zilizopangwa kama askari katika gwaride. Ni ile iliyofunguliwa mwaka 2022, inayokuja kutoka Mlolongo, mwendo wa kilometa 27. Mkono wake wa kulia, Lavington, Kileleshwa na Kilimani, nyumba za vigae zenye bustani zinabomolewa moja baada ya moja, na mahali palipokaa jamaa moja pakapandishwa ghorofa za jamaa nyingi. Akiteremka Chiromo, akapita chini ya kilima cha Makumbusho na kuingia katikati ya mji, atauona mnara wa Jumba la Mikutano la Kenyatta, ghorofa 28, uliofunguliwa mwaka 1973. Kuta nyingi za Nairobi hujengwa mpaka leo kwa jiwe la kuchonga. Lakini msingi, nguzo, boriti na sakafu za ghorofa ni zege. Zege likikosa nguvu, uzuri wa jiwe haumsaidii mtu.

Zege, kama ajuavyo kila kijana aliyewahi kubeba karai katika mjengo siku za likizo, ni mchanganyiko wa kokoto, mchanga, saruji na maji. Kokoto na mchanga ndizo sehemu kubwa. Saruji ni sehemu ndogo, lakini ndiyo izifungayo nyingine, na ndiyo imalizayo fedha. Maskini anapojenga hahesabu vyumba, huhesabu mifuko. Ziko nyumba katika vitongoji vyetu ambazo zimesimama kimo cha kiuno kwa miaka mingi, majani yameota mahali pa kitanda, si kwa kukosa mawe wala mafundi, bali kwa kukosa mifuko michache ya kilo 50.

Saruji ya leo ilipewa hati yake Uingereza mwaka 1824, kwa jina la mwashi wa mji wa Leeds aliyeitwa Joseph Aspdin. Aliiita saruji ya Portland kwa sababu ilipokauka ilifanana na jiwe la kisiwa cha jina hilo. Kwetu iliingia kwa meli. Mwaka 1933 kiwanda cha kwanza kilianza Nairobi, katika eneo la viwanda, kwa kusaga malighafi iliyoletwa kutoka ng'ambo. Mwaka 1954 Bamburi ikaanza kutoa saruji karibu na Mombasa. Na kabla ya miaka hiyo ya hamsini kwisha, tanuri likawaka Athi River.

Hufanywa hivi. Mawe ya chokaa na udongo husagwa pamoja, vikachomwa katika tanuri refu lenye kuzunguka, kwa moto wa nyuzi 1,450 za Selsiasi hivi, hata viyeyuke nusu na kugandamana kuwa vidonge vigumu viitwavyo klinka. Klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, ikawa saruji. Lakini jiwe la chokaa lina hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake tangu zama za bahari za kale. Likichomwa, hewa hiyo hufunguka na kupanda angani, na makaa ya mawe yanayolichoma huongeza ya kwao. Kwa kila tani ya klinka, hewa hiyo ni kiasi cha kilo 800 au 900. Viwanda vya saruji vya dunia nzima hutoa karibu sehemu 7 au 8 katika kila sehemu 100 za hewa ya ukaa itokanayo na kazi za wanadamu. Jambo la kutia wasiwasi zaidi ni kuwa zaidi ya nusu ya hewa hiyo haitoki katika moto bali katika jiwe lenyewe, hata ingekuwa tunalichoma kwa jua tupu ingetoka vile vile. Kwa hiyo wanachuoni wengi wameona kuwa njia iliyo karibu si kubadili kuni za tanuri tu, bali ni kutumia klinka kidogo zaidi katika kila mfuko. Hapo ndipo jivu linapobisha hodi.

Warumi wa kale hawakuwa na klinka. Walichoma chokaa, wakaichanganya na mchanga wa volkeno uliochimbwa karibu na mji wa Pozzuoli, na kwa ajili ya mji huo kila kitu chenye tabia ya mchanga ule huitwa pozolana hata leo. Kuba la hekalu la Pantheon huko Roma, lenye upana wa mita 43, limesimama kwa miaka karibu 1,900 bila ufito mmoja wa chuma ndani yake. Siri yake si kubwa. Chokaa peke yake hukauka polepole na haipendi maji. Lakini ikikutana na silika iliyo laini na isiyotulia, viwili hivyo huoana ndani ya maji na kuzaa kitu cha tatu, kigumu kama jiwe, ambacho maji hayakiyeyushi. Waashi wa pwani yetu, Lamu na Mombasa na Unguja, waliijua chokaa kwa karne nyingi. Walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu yake, wakachoma, na kwa chokaa ile wakajenga misikiti na majumba ambayo mengine yangali yanakaliwa.

Saruji nayo, inapolowa, huacha chokaa ya ziada ndani ya zege. Chokaa hiyo haina kazi kubwa. Imekaa tu kama mgeni asiyejua jembe liko wapi. Ukitia pozolana, chokaa hiyo hupata kazi, na zege likazidi kushikamana na kuziba vitundu vyake. Tena jambo hili si geni Kenya kama tudhanivyo. Sehemu kubwa ya saruji inayouzwa katika maduka yetu imekwisha kuchanganywa kiwandani na mawe ya volkeno yaliyosagwa. Hata jiwe la kuchonga la Nairobi, lile tunalojengea kuta, kwa asili yake ni majivu ya milima iliyolipuka zama za zamani sana, yakaanguka na kugandamana. Mwashi anayelicheka jivu husimama juu yake tangu asubuhi hata jioni.

Sasa nije kwenye jivu la shamba, na hasa la mpunga, kwa kuwa hilo ndilo bora kuliko yote. Mpunga ni mmea mlafi wa silika. Huinywa ikiwa imeyeyuka katika maji ya ardhi, ukaiweka katika ganda la punje kama ngao. Ndiyo sababu ng'ombe hayatamani makapi ya mpunga, na lundo lake hukaa miaka bila kuoza sawasawa. Huko Mwea, katika Kirinyaga, kiasi cha kilometa 100 kutoka Nairobi, mashamba ya kumwagilia maji yalianzishwa mwaka 1954, siku za Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini. Leo pishori ya Mwea husifiwa katika kila hoteli ya mjini, na makapi yake hulundikana karibu na vinu. Katika tani moja ya mpunga, kilo 200 hivi ni makapi. Ukiyachoma, kilo 40 hivi hubaki jivu, na katika jivu lililochomwa vizuri karibu sehemu 9 katika 10 ni silika.

Nasema lililochomwa vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Moto ukizidi nyuzi 700 hivi, silika hujipanga katika fuwele, ikatulia kama mchanga wa ufukweni, wala haitaki tena kuoana na chokaa. Tena vumbi la fuwele hizo likivutwa puani kwa muda mrefu huharibu mapafu, na tiba yake hakuna. Moto ukikosa hewa, jivu hutoka jeusi, limejaa makaa ambayo hunywa maji ya zege kama sifongo. Jivu jema huwa la kijivu cheupe, laini. Na hata hilo halifai mpaka lisagwe liwe laini kama saruji yenyewe. Makapi ya miwa nayo hutoa jivu lifaalo, na viwanda vya sukari vya magharibi ya Kenya huyachoma kila siku ili kupata mvuke. Lakini moto wa kiwandani haukuwashwa kwa ajili ya mwashi: siku moja ni mkali, siku ya pili umepoa, na jivu lake hutoka na makaa, mchanga na udongo wa shambani, halitumiki bila kuchekechwa na kupimwa. Ama jivu la jiko letu la makaa, hilo lina silika kidogo na chumvi nyingi. Libaki kwenye sukumawiki.

Nimeyasema haya yote ili msomaji ajue kuwa mimi nilikuwa upande wa jivu, na bado niko. Sasa nimlete mpinzani wangu.

Dada yangu, aliyefiwa na mume, ana kiwanja kidogo Kangemi, upande unaoteremkia mtoni. Alitaka kujenga vyumba viwili, kimoja akae na watoto, cha pili akipangishe apate karo. Alipokwisha kununua mawe, mbao na mabati, fedha ya saruji ikapunguka. Akatokea muuza vifaa mmoja, akamwambia kuwa ana jivu la mpunga, limetiwa katika mifuko, bei yake ni robo ya bei ya saruji. Achanganye nusu kwa nusu, ndivyo wafanyavyo Ulaya. Dada yangu alinipigia simu kwa kuwa nafundisha kemia, na siku hiyo hiyo akamwita mwashi, mzee mtaratibu ambaye amejenga katika Kangemi, Uthiru na Kawangware tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Tulikutana kiwanjani Jumamosi, mfuko mmoja wa jivu ukiwa umefunguliwa mbele yetu.

Nilimweleza habari za silika na chokaa kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hiyo kemia yako siikatai. Lakini jivu hili limechomwa na nani?"

"Sijui, mzee."

"Kwa moto gani?"

"Hilo naye aliyeuza hakulisema."

"Na limesagwa wapi?"

Nikamwambia kuwa kwa macho yangu halikusagwa hata kidogo. Akachota konzi moja, akaisugua baina ya vidole, akanionyesha weusi uliobaki. "Simiti mbaya mimi naijua kwa mabonge yake," akasema. "Jivu baya nitalijuaje? Na mama huyu atalijuaje?"

Dada yangu akauliza kama haiwezekani kutia kidogo tu, pengine robo, ili apunguze mifuko. Mzee hakumjibu kwa haraka. Alituambia kuwa mwaka 2016 alikwenda Huruma, upande wa pili wa mji, kumtafuta kijana wa jamaa yake. Jengo lile lilianguka usiku wa tarehe 29 Aprili katika mvua kubwa. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa, na bado watu walikuwa wanakaa ndani. Zaidi ya watu 40 walikufa. Sababu za kuanguka jengo huwa nyingi, na yeye hakudai kuzijua zote. Alichosema ni kwamba tangu siku zile hawezi kumwona mtu akipunguza koleo moja la simiti akanyamaza.

"Mwalimu," akasema, "nitakuambia shida ya jivu lako. Jivu litaingia mchana, na simiti itatoka usiku."

Neno hilo nililichukua mpaka nyumbani. Vitabu vya uhandisi vinajibu maswali mengi juu ya jivu, lakini hilo havilijibu, nami naliona kuwa ndilo hoja nzito kuliko zote zilizo kinyume chetu. Katika mijengo yetu wizi wa saruji ni ugonjwa wa zamani. Mfuko huandikwa umetumika, kumbe umekwisha kuuzwa upande wa pili wa uzio. Kipimo cha koleo tatu za mchanga kikawa tano, na kokoto ikatiwa hata zege halishiki. Maadamu zege ni saruji tu, mwizi hujificha kwa shida, maana rangi na ulaini humsaliti kwa jicho la fundi. Siku ambayo itakuwa halali kutia unga wa kijivu usiojulikana ndani ya mchanganyiko, mwizi atakuwa amepewa vazi. Akikamatwa atasema, "Hili ni jivu, elimu ya kisasa, kulinda mazingira." Nao watakaolala chini ya sakafu hiyo si wahandisi wala waandishi wa insha.

Hoja yake ya pili aliisema kwa mzaha, na mimi nikaiona kuwa ni kemia safi. Aliuliza: kama ni kweli kuwa simiti ya dukani imekwisha kuchanganywa na mawe ya volkeno, basi kuongeza jivu juu yake si kama kutia maji katika maziwa yaliyokwisha kutiwa maji? Naam, ndivyo. Pozolana hula chokaa, na chokaa hiyo hutoka katika klinka. Mfuko uliopunguzwa klinka kiwandani, pengine kwa sehemu 30 katika 100, una chokaa kidogo ya kugawa. Mtu akiongeza jivu nusu kwa nusu juu ya mfuko kama huo, sehemu kubwa ya jivu hilo haitapata mwenzi, itakaa ndani ya zege kama vumbi. Wanaopima mambo haya katika maabara aghalabu huanza na saruji tupu ya daraja la juu, kisha hutia jivu badala ya sehemu 10 au 20 katika 100, si zaidi sana. Muuza vifaa aliyetoa shauri la nusu kwa nusu alitaja Ulaya, lakini mfuko alioutaka dada yangu auchanganye ulikuwa wa duka la Kangemi.

Basi tulipatana hivi. Mifuko ile ya jivu ilirudishwa. Msingi, nguzo na linta za nyumba vilijengwa kwa saruji peke yake, kwa kipimo alichokitaka mzee, na ndugu tukachanga kilichopunguka. Chumba cha pili kikangoja miezi mitatu. Lakini nilimwomba mzee anisaidie kufanya jaribio la haki, yaani la jivu ambalo sisi wenyewe tunajua limetoka wapi. Alikubali, nadhani kwa sababu alitaka kuniona nikichafuka.

Nilileta magunia manne ya makapi kutoka Mwea. Tulitoboa pipa la chuma matundu mengi, tukasimamisha katikati yake bomba la wavu ili hewa ipite, tukajaza makapi, tukawasha juu, tukaacha moto uteremke wenyewe bila ndimi. Yalifuka moshi mwembamba usiku kucha na majirani wakalalamika, nao walikuwa na haki. Kesho yake jivu la katikati lilikuwa jeupe na la pembeni jeusi, jeusi tukalitupa. Jeupe tulilitia katika pipa dogo pamoja na vipande vya nondo, tukalivingirisha kwa saa nyingi, wanafunzi wangu wawili wakipokezana, kila mmoja amefunga kitambaa puani. Hatimaye tulilichekecha kwa kitambaa chepesi. Magunia manne yakawa jivu la kujaza ndoo kubwa na kusaza kidogo. Mzee aliitazama ile ndoo, akaniuliza kama ndiyo hii itakayoijenga Nairobi.

Swali hilo lilikuwa la hesabu, na hesabu yake ni nyepesi. Hata tani 100,000 za mpunga zingetoa tani 4,000 tu za jivu, na Kenya hutumia saruji kwa mamilioni ya tani kila mwaka. Tena makapi yana wateja wengine: wafugaji wa kuku huyatandika bandani, na wachoma matofali huyatia katika tanuu. Kuyasafirisha mepesi hivyo mpaka mjini ni kupakia hewa katika lori. Kwa maoni yangu jivu hili halitaiondoa saruji. Litainyosha tu, na mahali pake pa kwanza ni karibu na vinu na viwanda vya miwa vyenyewe, likichomwa, kusagwa na kupimwa na mtu mwenye anwani, au katika kiwanda cha saruji, ambako mchanganyiko hufanywa kwa mizani wala si kwa koleo. Kiwanja cha Kangemi ni mahali pa mwisho.

Tulipima vyote kwa mizani ya muuza viazi. Tulifanya michemraba ya zege ya namna tatu: ya saruji tupu ya daraja la juu, yenye jivu badala ya sehemu moja katika 10 ya saruji, na yenye jivu badala ya sehemu moja katika 5. Tuliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na watoto wa dada yangu wakapewa kazi ya kuyalowesha asubuhi na jioni. Mzee aliandika tarehe juu ya kila mchemraba kwa msumari kabla haujakauka, kwa hati nzuri kuliko yangu. Kisha tukaipeleka kwa zamu katika maabara moja ya mjini, ambako hubanwa kwa mashine mpaka ivunjike.

Siku ya 7 michemraba ya jivu ilivunjika mapema kuliko ile ya saruji tupu. Mzee hakusema kitu, ila alitabasamu. Siku ya 28, ambayo ndiyo siku ya hukumu katika kazi ya zege, ile ya sehemu moja katika 10 ilikuwa imewakaribia wenzake sana, na ile ya sehemu moja katika 5 ilikuwa bado nyuma. Siku ya 90 ile ya sehemu moja katika 10 ilipita ya saruji tupu. Kwa jambo hilo nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, lakini mzee alilisoma kwa njia yake. "Kumbe jivu lina nguvu," akasema, "lakini halina haraka. Na sisi hapa Nairobi mbao za chini ya slebu tunaziondoa lini?"

Nilijua jibu. Wenye majengo huzihesabu siku, kwa sababu mbao ni za kukodi na wapangaji wamekwisha kulipa amana. Zege la jivu likihukumiwa kwa kalenda ya zege la saruji, mbao zikaondolewa mapema, litakuwa halijakomaa. Na kama halikuloweshwa kwa siku za kutosha, ule wema wa siku ya 90 hautafika kamwe, maana ndoa ya silika na chokaa haifungwi pakavu.

Kwa jivu lililosalia tulifanya vigae vya zege vya njia, kutoka langoni mpaka mlango wa dada yangu, na sakafu ya kibanda cha kuku. Vimekwisha kupita mvua mbili. Kimoja kimevunjika pembe, nacho kiko mahali ambapo mkokoteni wa maji hupandia. Mzee amekitazama, akasema kuwa hata cha simiti tupu kingevunjika hapo.

Juma lililopita alikuja nyumbani kwangu Uthiru kuniuliza jambo moja. Kuna mtu amemwita ajenge ukuta wa ua, naye amesikia habari za vigae vyetu, anataka jivu litiwe. Mzee alitaka kujua kama sasa liko jivu linalouzwa katika mfuko ulioandikwa ubavuni lilikochomewa, siku lililosagwa, na kipimo cha kulichanganya, na jina la wa kushtakiwa likiharibika. Nilimwambia kuwa mjini kwetu mimi sijauona mfuko kama huo dukani.

"Basi nitamjengea kwa simiti," akasema, akanywa chai yake. Kisha akanikumbusha kuwa ile michemraba mitatu iliyobaki chini ya ngazi tusiipasue mpaka itimize mwaka, na kwamba mmoja wao tarehe yake imeanza kufutika, niiandike upya.